Mtoto Aliyepona Kitabuni

Wiki iliyopita nilipita Bunda, nikasimama kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mitumba pembeni ya barabara ya stendi. Vingi vilikuwa vya watoto wa Ulaya, vimejaa picha za theluji na mbwa waliovalishwa sweta. Nilifungua kimoja nione kama kinafaa, maana hiyo ndiyo kazi yangu: nasoma vitabu vya watoto na vya vijana, naandika maoni, na walimu wananiuliza kipi wanunue na kipi waache. Kabla sijafika hata mstari wa kwanza, harufu ikanipanda puani. Mafuta ya taa.

"Kiliwekwa karibu na dumu, dada yangu," yule mama akasema haraka. "Ukikianika kidogo tu, inaisha."

"Nitakichukua hivyo hivyo," nikamwambia. Nikakinunua bila kukisoma, jambo ambalo huwa nawakataza wengine.

Kwa wengi wa rika langu, mafuta ya taa ni koroboi na masizi puani asubuhi. Kwangu mimi ni harufu ya kitabu. Kitabu cha kwanza nilichopewa nishike peke yangu, niende nacho nyumbani, kilinuka hivyo, na kilinifanya niamini jambo lisilo kweli, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amenidanganya.

Mnakumbuka miaka ile ya uhaba. Sabuni ikifika duka la ushirika, habari ilizunguka kijiji kizima kabla lori halijazima injini. Tulifulia majani ya mpapai. Chai tuliinywa chungu, tukang'ata kiazi ili mdomo upate utamu. Kijijini kwetu, kando ya ziwa kabla hujafika Mugango, wanaume walishona nyavu zilizokwisha kwa nyuzi za magunia, na lile samaki jipya, sangara, lilikuwa linaanza kuingia nyavuni, watu wakilitazama kwa mashaka kwa ajili ya mafuta yake. Shuleni, kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa dawati, baadaye kikawa kimoja kwa mstari, mwishowe kimoja kwa mwalimu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la tatu aliitwa Mwalimu Magesa. Alikuwa kijana bado, mtu wa Butiama, mrefu kiasi kwamba akiendesha baiskeli magoti yalikaribia kugusa usukani. Siku moja aliingia darasani na mzigo wa karatasi kwapani.

"Vitabu haviji," akasema. "Tumeandika barua mpaka tumechoka. Sasa tutapika vya kwetu hapa hapa."

Hadithi aliitunga mwenyewe. Karatasi alipewa na mtu wa ushirika, zile za zamani za kupimia pamba, upande mmoja zimeandikwa, upande wa pili tupu. Alizipeleka misheni ya Nyegina, padri akamruhusu kutumia mashine ya stensili. Wino nao ulikuwa wa shida, wakauzimua kwa mafuta ya taa. Ndiyo maana darasa zima, alipotugawia, liliinamisha pua kwanza kabla ya macho.

"Sikilizeni," Mwalimu akasema. "Sitaki mnisifu. Hii bado si kitabu, ni rasimu, na nyie ndio wahakiki wangu. Pale mtakapochoka, choreni mstari. Pale mtakapotaka kurudia, choreni duara. Pale msipoamini, choreni msalaba. Jumatatu mnaniambia."

Kwetu mtoto hamwambii mtu mzima kwamba mboga yake haina chumvi. Tulimtazama kama mtu anayetutega.

Hapa inabidi niwaeleze habari za mdogo wangu, Majura.

Majura alikuwa na miaka minne. Tabia yake moja iliyojulikana kijiji kizima ni kwamba alivaa gambuti ya baba, buti la mpira la kuvulia, moja tu, ya mguu wa kushoto. Ilimfika mapajani. Alitembea nayo akiiburuza hata siku zisizo na mvua, na ukimuuliza kwa nini moja alijibu, "Nyingine ya baba." Baba alipotaka kwenda ziwani ilibidi ambembeleze ampe.

Mwaka mmoja kabla ya hadithi ya Mwalimu, surua ilipita kwetu. Majura alipoanza kutoka vipele, mimi nilipelekwa Bunda kwa shangazi ili nisiambukizwe. Nilikaa huko mpaka nikazoea. Siku moja shangazi alinikalisha kwenye kigoda akaniambia, "Nyangeta, mdogo wako ametangulia." Nilimuuliza ametangulia wapi. Akanifuta uso kwa upande wa kanga ingawa sikuwa nalia.

Niliporudi nyumbani Majura hakuwepo. Wakubwa walikuwa wamemzika kwa babu, upande wa pili wa rasi, kwenye makaburi ya ukoo, lakini mimi hilo sikuambiwa. Neno "kufa" halikutamkwa mbele yangu hata mara moja. Watu walisema ametangulia, amepumzika, ameitwa. Mama hakusema kitu kabisa. Alikuwaga mwanamke wa kuimba akikatakata mihogo ya udaga, ile ya kuvundikwa na kukaushwa, sasa alikata kimya. Jina la Majura lilitoweka nyumbani, na gambuti ya kushoto ilitoweka nalo. Baba akawa anaenda ziwani na ile ya kulia tu, mguu wa pili mtupu.

Mtoto wa miaka tisa hufikiri vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani, ila hutumia vile alivyo navyo. Mimi nilijua kwamba mtu akitangulia, wenzake humfuata. Nikawa nangoja kuambiwa lini.

Ndipo nikasoma hadithi ya Mwalimu Magesa.

Ilikuwa habari ya kijana mdogo anayeitwa Wambura. Wambura anashikwa na surua. Dada yake anavuka vilima hadi zahanati, anapewa dawa, anarudi mbio, Wambura anapona. Mwishoni yuko Butiama kwa bibi yake, anakula ugali wa mtama, anazunguka uani akiburuza gambuti ya baba yake. Moja. Ya mguu wa kushoto.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Niliposoma pale kwenye gambuti, masikio yangu yaliziba kama nimezama. Nikarudi mwanzo. Wambura, sawa, jina limebadilishwa, lakini hilo halikunisumbua. Nilijua mtu akibatizwa hupewa jina jingine. Nikageuza karatasi, na upande wa nyuma nikakuta uthibitisho. Kwa mkono wa mtu wa ofisini, kwa wino wa bluu, ziliandikwa kilo. Karatasi ya kwanza kilo thelathini. Ya pili zaidi. Ya tatu zaidi tena. Nilikuwa nimeshamsindikiza mama kliniki, nikaona watoto wanavyoning'inizwa kwenye mzani na nesi akiandika. Kwa hiyo nilielewa. Majura yuko Butiama, na ananenepa.

Sikuchora mstari, duara wala msalaba. Karatasi yangu ilibaki safi.

Sikumwambia mama, kwa sababu nilidhani anajua na ndiyo siri yenyewe. Nilichofanya ni hiki: Jumatatu asubuhi, baba akiwa amelala baada ya kutoka kuvua, nilichukua gambuti ya kulia, nikaifunga ndani ya kanga kuukuu, nikaenda nayo shule. Wenzangu walipotoka kwenda mapumziko nilibaki mezani kwa mwalimu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Nyangeta. Umeleta maoni?"

Nikaweka kifurushi juu ya meza yake. "Ukienda kwenu likizo, umpelekee Majura. Ile moja anayo. Hii ni ya mguu wa pili."

Mwalimu Magesa alifungua kanga. Aliitazama ile gambuti, akanitazama mimi, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika kwa sababu ina matope.

"Nitaiosha," nikasema.

"Kaa, mwanangu," akasema. Nikakaa. Naye akatoka nyuma ya meza akachuchumaa mbele yangu, magoti yake marefu yakipanda hadi mabegani, na akaniambia kile ambacho hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Alitumia neno lenyewe. Alisema Majura alikufa, njiani wakimpeleka hospitali mjini Musoma, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo msibani kwa babu na alitupa udongo. Alisema Wambura hayupo Butiama wala popote. Zile kilo ni za pamba.

"Basi umeandika uongo," nikasema.

"Ni hadithi, Nyangeta. Hadithi mtu anatunga."

"Kwa nini umempa gambuti yake?"

Mpaka leo, nikisoma kitabu cha mtoto nikakuta mahali ambapo mwandishi amechukua kitu halisi cha mtu akakipitisha haraka, naukumbuka ule uso wa Mwalimu Magesa asiye na jibu.

"Kitabu chako ni kibaya," nikamwambia, na hapo ndipo nikalia, kwa sauti, kama mtoto mdogo kabisa, mwaka mzima baadaye kuliko wengine.

Mwalimu hakunipiga kwa utovu wa adabu. Aliniacha nilie mpaka kengele. Alisema, "Hayo ndiyo maoni niliyoyataka, ila sikujua yatauma hivi. Jioni nitakuja kwenu."

Alikuja kweli, jua likiwa bado juu, akiisukuma baiskeli huku gambuti ikining'inia kwenye usukani. Mama alikuwa uani, amekaa na beseni la mihogo.

"Mama Nyangeta, nimekuja kuomba radhi," Mwalimu akasema akiwa bado amesimama. "Nimechukua kitu cha mtoto wako bila ruhusa."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Gambuti. Nimeiweka kwenye hadithi. Huyu mtoto ameisoma akadhani ni habari za kweli."

Mama alinitazama. Sikuweza kumtazama. Kisu chake kilisimama, kisha kikaendelea.

"Soma," akasema. Yeye mwenyewe hakujua kusoma.

Mwalimu akavuta kigoda, akasoma hadithi yote. Mama alikata mihogo mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alipomaliza, kuku walikuwa wakiparua chini ya ukuta.

"Unaandika vizuri," mama akasema. "Lakini huyo mama wa mtoto amekaaje hivyo?"

"Amekaaje vipi, mama?"

"Analia tu. Kila ukimtaja, analia. Mtoto anaumwa, yeye kazi yake kulia mlangoni." Akaweka kisu chini. "Mimi sikuliaga, Mwalimu. Sikuwa na nafasi. Nilitembea."

Na hapo mama akaanza kusimulia. Alisimulia akitazama beseni. Zahanati walimwambia dawa imekwisha, nesi mwenyewe machozi yakimtoka, akawaambia wajaribu mjini. Walitembea hadi barabara kuu, yeye kambeba Majura mgongoni, baba akitangulia kutafuta gari. Njiani Majura alikuwa na moto mwili mzima, lakini anaongea. Aliuliza habari za ziwa, kama linalalaga. Mama akamwambia linalalaga, asubuhi mapema, ndiyo maana baba anatembea polepole asiliamshe. "Akacheka," mama akasema. "Na homa ile yote, akacheka. Hilo halimo kwenye karatasi zako."

Mwalimu hakuandika kitu. Alikaa tu, mikono katikati ya magoti.

Hatukumsikia baba. Alikuwa ameingia uani kutoka upande wa ziwa, sato wawili wakining'inia kwenye kamba mkononi, na alikuwa amesimama pale kwa muda ambao sikujua. Nilishikwa na hofu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba, na sasa amemkuta mwalimu wa shule amekalia kigoda chake, mkewe akizungumza mambo yasiyozungumzwa, na gambuti yake iko kwenye baiskeli ya watu.

Mwalimu akainuka. "Shikamoo, baba."

Baba aliwaweka samaki juu ya jani la mgomba, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Umesahau la lori," akamwambia mama.

"La lori ni lako," mama akajibu.

Baba akakaa chini, kwenye udongo. Akasema walipata lori la mizigo, dereva mtu mzuri, akawaweka mbele. Majura hakuwahi kupanda gari. Baba alimwinua dirishani akaona miti inavyokimbia, akasema, "Baba, inatukimbia sisi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho ya kueleweka. Yeye baba ndiye aliyetaka Majura azikwe kwa babu. Na ile gambuti ya kushoto, ambayo mimi niliitafuta hadi chini ya ghala, alimvalisha yeye mwenyewe.

"Wazee walisema gambuti hazipatikani madukani, nitavua na nini," baba akasema. "Nikawaambia mtoto huyu hajawahi kwenda popote bila hiyo. Atatembeaje huko?"

Mama akalia hapo, mara ya kwanza mimi kumwona. Baba akamsogelea. Mwalimu alitaka kuondoka kimyakimya lakini mama akamzuia, akasema samaki wanatosha wote. Tulikula pamoja, na wakati wa kula baba alisema, "Majura alikuwaga anakula macho ya samaki kwanza," mama akajibu, "Na ya kwako pia alikuwa anakuibia." Nilikula polepole sana siku ile. Niliogopa tukimaliza watanyamaza tena. Hawakunyamaza.

Mwalimu Magesa aliandika upya. Alitumia muda mrefu, kwa kuwa karatasi zilibidi ziombwe tena. Kabla ya kwenda Nyegina alitusomea darasani na kutuuliza swali moja lililotugawa vibaya: huyu Wambura apone au asipone? Mimi nikasema asipone. Nilisimama nikasema dawa haipatikanagi hivyo, ukifika tu unapewa. Wengi wakanyamaza kwa sababu walijua habari zangu.

Aliyenibishia ni Mafuru, jirani yangu wa dawati, kijana mwenye makovu ya vipele shingoni.

"Mimi nilipona," Mafuru akasema. "Dawa haikuwepo na nilipona. Dada yangu pia. Sasa sisi tusiwekwe kitabuni?"

Nikakaa chini. Ilikuwa haki yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimekaa na watu waliosomea vitabu vya watoto nchi za mbali, wakibishana kama mtoto aonyeshwe huzuni au afichwe. Sijasikia hoja iliyomzidi Mafuru. Mwalimu akamtazama Mafuru, akanitazama mimi, akasema, "Basi waingie wote."

Hivyo hadithi mpya ikawa na nyumba mbili. Nyumba moja Wambura anapona, dawa ikiwa haijapatikana, dada yake akimpa maji kwa kijiko usiku na mchana. Nyumba ya jirani kuna mtoto ambaye haponi, na mama yake hakai mlangoni kulia. Anatembea, mtoto mgongoni, akimsimulia kwamba ziwa hulala. Gambuti ilikuwa imeondolewa. Na yule mtoto wa pili hakuwa na jina.

"Umesahau kumpa jina," nikamwambia Mwalimu.

"Sijasahau. Jina si langu. Safari hii siibi."

Hadithi ile haikuwahi kuchapishwa na kampuni. Miaka iliyofuata biashara zilifunguliwa, maduka ya Mukendo pale mjini Musoma yakajaa sabuni za rangi na redio, magari ya barafu yakaja kuchukua lile sangara tulilokuwa tukilidharau, na vitabu vyenye picha vikaanza kuonekana, kwa wenye uwezo. Karatasi za Mwalimu Magesa zilichakaa mikononi mwa watoto mpaka zikaisha, na nadhani hakuna mwisho mzuri zaidi kwa kitabu.

Lakini kabla hazijaisha, siku nakala mpya zilipokuja kutoka Nyegina, Mwalimu aliniambia nikawasomee darasa la pili. Mwalimu wao alikuwa anaumwa. Nilisimama mbele ya ubao, watoto wamebanana kwenye mikeka, wengine wamekaa juu ya matofali. Nikawasomea polepole, na kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, kila sentensi nikiimaliza walikuwa wakiirudia pamoja. Walirudia dada anapochota maji. Walirudia Wambura anapofumbua macho. Walirudia mama anapotembea, na pale ziwa linapolala walirudia kwa sauti ya chini, bila kuambiwa.

Nilipofika mwisho, kasichana kamoja mstari wa mbele, ambaye hakuwa hata na miaka minane, akanyoosha kidole.

"Dada, huyo wa nyumba ya pili alikuwa anaitwa nani?"

Nilitazama karatasi ingawa nilijua hakuna kitu pale. Mlangoni Mwalimu Magesa alikuwa amesimama.

"Anaitwa Majura," nikasema. "Ni mdogo wangu."

Na darasa zima la pili, kama walivyozoea, wakafungua midomo wakarudia kwa pamoja, kwa sauti ya kufika ziwani: "Anaitwa Majura. Ni mdogo wangu."